Friji ya Mama, Kilosa

Umeme ukikatika Kilosa saa nane mchana, mama yangu hawazi taa wala feni. Anawaza vichupa vya insulini vilivyomo kwenye friji. Ana kisukari tangu akiwa bado anafundisha shule ya msingi, na insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto kati ya 2 na 8. Ikiganda, imeharibika. Ikikaa kwenye joto kali kwa muda mrefu hupungua nguvu bila kubadilika sura, na mgonjwa huja kujua pale sukari inapopanda ilhali amejidunga sindano zake zote kwa wakati. Kilosa iko bondeni, milima imeizunguka, na Desemba na Januari joto la mchana chini ya bati halina huruma. Mimi naishi Morogoro mjini. Kwa miaka mingi umeme ulipokatika alikuwa ananipigia simu, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya, "Mama, usifungue mlango wa friji."

Kwa hiyo habari za nyumba janja ziliponifikia, za taa zinazowashwa kwa kusema neno na mapazia yanayojifunga yenyewe, nilijua kwetu zingeanzia jikoni. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya elektroniki, kwa hiyo kushika chuma cha kulehemu hakunipi tabu. Niliijenga mwenyewe, likizo hadi likizo, na mpaka leo bado naendelea kuinyoosha. Baadaye kaka yangu, mwenye nyumba ya kulala wageni Mikumi, aliiona, naye akataka yake. Nyumba hizo mbili ziko wilaya moja, lakini kila moja ilinidai kitu tofauti. Nimeondoka na imani moja: mfumo wa namna hii upimwe kwa utulivu wa anayeishi ndani yake, na sehemu kubwa ya kazi huja baada ya vifaa vyote kuwa vimeshawaka na kufanya kazi.

Nianze na ubongo wa mfumo. Ni laptop iliyotumika, niliyoinunua Kariakoo. Ndani yake nimeweka Home Assistant, programu huria ambayo Mholanzi Paulus Schoutsen alianza kuiandika mwaka 2013 na ambayo tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida. Watu wengi duniani huiendesha kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi. Ni nzuri, lakini huhifadhi mafaili yake kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika huweza kuharibika. Laptop ina betri yake. Umeme ukienda, haitikisiki. Inaendelea kuhesabu na kuandika, na hata betri iliyochoka huipa muda wa kutosha kutuma taarifa na kujizima kwa utaratibu. Ruta nayo nimeipa kijibetri chake cha voti 12. Kwa mji wenye umeme wa kukatika, kompyuta kuukuu yenye betri ni bora kuliko mpya isiyo nayo.

Vifaa vidogo vilivyotawanyika nyumbani vimejengwa juu ya bodi za ESP8266 na ESP32 za kampuni ya Espressif, zinazotumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4. Vinazungumza na laptop kwa MQTT, utaratibu uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper. Walikuwa wanahitaji kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na dhaifu. Ndiyo maana ujumbe wake ni mfupi sana na hauhitaji mtandao wa kasi. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mabomba ya mafuta kimefaa sana Kilosa.

Sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba kila kitu kifanye kazi hata bando likiisha. Vifaa vingi vya bei nafuu vilivyojaa madukani hupeleka amri ya kuwasha taa ya sebuleni hadi kompyuta iliyoko nchi nyingine, kisha amri irudi. Mtandao ukikatika, swichi inakuwa pambo ukutani. Kwa mama nilikataa kabisa jambo hilo. Sensa, laptop na taa vyote viko chini ya paa moja, na kinachohitaji intaneti ni mimi tu nikitaka kuchungulia kutoka Morogoro.

Sharti la pili: swichi ya kawaida isiondolewe. Mama awashe taa yake kwa kidole kama alivyozoea tangu umeme uingie nyumba ile. Hili lilinipa kazi. Nyumba nyingi za zamani zimetandazwa nyaya kwa namna kwamba kwenye kisanduku cha swichi unakuta laini inayoingia na laini inayopanda kwenye taa, basi. Nyutro haipo, imepita darini moja kwa moja hadi kwenye taa. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili zipate umeme wa kujiendesha zenyewe. Suluhisho ni kuweka kifaa darini, kwenye kiungio cha taa, ambako nyaya zote zipo, na kuiachia swichi ya ukutani kazi ya kukipa ishara. Lakini dari ya nyumba ya bati ni tanuri. Nilipima joto la kule juu kabla sijaweka chochote, na namba nilizoziona zilinifanya nichague taa chache sana: ya veranda, ya ukumbi na ya kwenda chooni. Nyingine zimebaki zilivyokuwa, na hakuna aliyepungukiwa. Kazi zote za voti 230 alizifanya fundi mwenye leseni ya EWURA, na kitu cha kwanza alichokagua ni waya wa ethi. Sikuona sababu ya kubana fedha mahali hapo.

Sasa friji yenyewe. Sensa ni DS18B20, kijiti cha chuma kisichopitisha maji, chenye waya mrefu mwembamba unaopita kwenye mpira wa mlango bila kuuachanisha. Nilipoitundika ndani, mchoro wa joto kwenye laptop ulipanda na kushuka siku nzima. Mama huuza barafu. Watoto wa mtaani wakitoka shule hugonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila barafu moja ni mlango wa friji kufunguliwa. Hewa ya ndani hutoka, ya jikoni huingia, sensa inaruka hadi nyuzi 12, kengele inalia. Lakini kichupa cha insulini kilichomo ndani ya boksi lake hakipati nyuzi 12 kwa sekunde chache za mlango kuwa wazi. Sensa ilikuwa inapima hewa, na mimi nilitaka kujua hali ya dawa.

Wanaotunza chanjo wana njia yao. Nilichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikaijaza gliserini ya duka la dawa, nikatoboa mfuniko, nikachomeka kijiti cha sensa hadi katikati na kuziba tundu kwa gundi. Gliserini hupata joto na kupoa polepole, kwa mwendo unaokaribiana na wa dawa iliyoko kwenye chupa yake. Mchoro ukatulia. Mawimbi ya barafu za watoto yakawa vituta vidogo, na kikitokea kilima cha kweli unakiona.

Halafu nikatawanya sensa kadhaa kwenye rafu zote na kuziacha zisome kwa siku kadhaa, mchana na usiku. Matokeo yake ndiyo yaliyonigusa kuliko yote. Rafu ya juu, chini kabisa ya kisanduku cha barafu, mahali mama alipokuwa anaweka insulini kwa kuamini kwamba ndipo penye baridi nzuri, usiku ilikuwa inashuka hadi karibu na sifuri. Siku zote tumekuwa tukihofia joto, kumbe hatari iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa kuganda. Droo ya mboga, kule chini, ilikuwa inatulia kwenye nyuzi 5 na 6 saa zote. Dawa ikahamia huko siku hiyo hiyo, ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na nafasi zilizobaki wazi nikazijaza chupa za maji ili umeme ukikatika ubaridi ukae zaidi. Kama mfumo wote ungekufa kesho, hilo peke yake lingekuwa limelipa gharama zake. Na halikuhitaji kifaa chochote cha kuwasha wala kuzima. Lilihitaji kupima tu.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kupanga viwango vya kengele, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba ujuzi wa nyaya hautoshi. Lazima uielewe vizuri dawa unayoilinda. Kichupa kilichokwisha kufunguliwa, kile cha matumizi ya kila siku, hakina masharti sawa na ambavyo havijafunguliwa. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha kazi iliyoanzia kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za wagonjwa, likawa linacheza kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakaiga hali hiyo maabara, wakakuta insulini imebaki na nguvu yake kwa wiki 4. Nilikwenda na mama kliniki, tukazungumza na daktari wake, akaridhia kichupa cha matumizi kikae nje ya friji, kwenye mtungi wa udongo ulio kivulini, na kitumike ndani ya wiki 4 tangu kufunguliwa. Mtungi nao nikauwekea sensa. Ukiloweshwa maji vizuri, mchana wa joto hubaki chini ya joto la chumba kwa nyuzi kadhaa.

Uamuzi huo ulipunguza kengele kuliko msimbo wowote niliouandika. Sasa umeme ukikatika, anachohitaji leo na kesho hakiko kwenye friji. Akiba ndiyo iliyoko kule, na akiba ina masaa mengi kabla ya kuhitaji hatua yoyote.

Kuhusu taarifa: mama anatumia kitochi, na sina mpango wa kumbadilishia. Laptop ina modemu yenye laini ya simu, inatuma ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe wa mwanzo niliuandika kifundi: friji nyuzi 8.3, voti 0, muda fulani. Jioni moja nikiwa pale nyumbani uliingia, akausoma, akanitazama.

"Mwanangu, huu ujumbe unanitisha, lakini hauniambii nifanye nini."

Niliandika upya jumbe zote nikiwa nimekaa naye mkekani, yeye akisema, mimi nikiandika. Ule wa kwanza sasa unasema: "Umeme umekatika. Dawa iko salama. Usifungue friji." Ukipita muda na joto la gliserini likavuka nyuzi 8, unakuja mwingine: "Hamisha dawa ya akiba uweke mtungini." Umeme ukirudi: "Umeme umerudi. Friji itawaka yenyewe baada ya dakika chache." Namba zote zinakuja kwangu, kwake hazifiki. Nikamuuliza kama angependa ajulishwe usiku wa manane umeme ukikatika. Alisema hapana, aamshwe tu kama kuna la kufanya. Kwa hiyo kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi mfumo unanyamaza, isipokuwa dawa ikiwa hatarini. Kila kengele iliyobaki imepita kwenye swali hilo: kuna la kufanya? Zilizoshindwa kulijibu nilizifuta, na ni nyingi.

Mgao wa umeme wa mwaka 2023 kila Mtanzania anaukumbuka. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235 kati ya 2,115 zilizopangwa, uliingizwa kwenye gridi, na hali ikawa nafuu. Lakini umeme kufika nchini ni jambo moja, na kufika kwenye soketi ya jikoni ukiwa na nguvu yake ni jingine. Saa moja jioni, nyumba zote zikiwa zimewasha kila kitu, voti 230 zinazotakiwa hushuka. Kompresa ya friji ikijaribu kuanza kwenye umeme mdogo huvuta mkondo mkubwa, inanguruma bila kuzunguka, inachemka. Ndicho kinachoua mafriji mengi kwenye miji yetu midogo.

Kifaa cha PZEM-004T hupima voti na mkondo kila sekunde chache. Nilianza kwa kukata friji voti zikishuka chini ya 195. Friji ikawa salama, ila kila jioni ilizimwa kwa masaa, na dawa ikapata joto. Niliacha mfumo uandike bila kukata, nikawa nasoma: kompresa hii inaanza vizuri hadi kwenye voti ngapi? Voti zilipofika 180 bado ilikuwa inaanza kwa mkondo wa kawaida. Chini ya 175 ikaanza kuhangaika. Kwa hiyo inakatwa kwenye 175, baada ya kusubiri sekunde 10 ili mshtuko wa mara moja usihesabiwe, na hairudi mpaka voti zivuke 190 na zitulie kwa dakika 5. Hizo dakika 5 ni muhimu hata kama umeme ni mzuri, maana gesi ndani ya kompresa inahitaji muda presha zilingane. Namba hizi ni za friji hii, jikoni hapa. Ukizinakili nyumbani kwako bila kupima utakuwa umebahatisha. Na kinachokata ni kontakta. Rilei ndogo ya kwenye bodi huungua mapema kwa mkondo wa kompresa.

PZEM hiyo hiyo ilitupa faida nyingine. Mama ni mteja wa matumizi madogo. Kwa bei tunazolipa, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na akizidi, uniti za juu yake ni shilingi 350. Mita ya LUKU inakuonyesha uniti zilizobaki lakini haikuambii kama mwezi utaisha ukiwa ndani ya 75. Laptop inajua. Ukifika katikati ya mwezi na mwendo ni wa kuzidi, inamwambia apumzishe pasi. Mafungu ya barafu yameshapangwa upya kwa sababu ya ujumbe huo.

Tenki la maji nitalieleza kwa kifupi. Maji ya bomba huja kwa zamu, yanajaza simtanki, na mama alikuwa anamtuma mjukuu apande juu kuchungulia. Nimeweka sensa ya sauti aina ya JSN-SR04T kwenye mfuniko. Inapiga sauti isiyosikika na kupima muda wa mwangwi kurudi. Ina kasoro mbili za kuzijua mapema. Haioni chochote kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi, kwa hiyo lazima inyanyuliwe juu ya kiwango cha maji yakijaa. Na alfajiri matone ya mvuke huganda usoni mwake, inasoma uongo. Dawa ya hilo ni kuchukua vipimo kadhaa na kutumia cha katikati, kisha kutobadili jibu upesi: anayepika wali hafunui sufuria kila dakika. Pampu ya kupandisha maji inawaka tenki likishuka chini ya asilimia 30 na kuzima likifika 90. Ukiweka namba moja tu ya kuwasha na kuzimia, pampu itawaka na kuzima hadi ife.

Kilosa ina jambo lake jingine, mto Mkondoa. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalibomoa nyumba, yakakata reli ya kati, watu wakahamia kwenye mahema. Aliyeyaona hajengi tena kitu chochote Kilosa bila kujiuliza maji yalifika wapi. Ukutani kwa mama alama ya tope imepakwa rangi mara kadhaa lakini sote tunajua ilipo. Laptop, betri, ruta na kontakta ya friji vyote viko kwenye rafu ya chuma juu ya kimo cha mlango, na soketi mpya fundi alizipandisha. Kwenye mfereji wa nyuma ya uwanja kuna kiboya: maji yakikinyanyua, king'ora kinalia ndani ya nyumba, hapo hapo, bila kupita kwenye simu wala Wi-Fi. Waya mmoja, betri moja, king'ora kimoja. Hiki ndicho kifaa rahisi kuliko vyote na ndicho ninachokikagua kwanza kila nikifika, kabla sijaketi, tena kwa kumimina ndoo ya maji. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, kutoka Morogoro kwenda Kilosa na kurudi jioni si kazi, na hilo limenisaidia, maana kunyoosha mfumo kwa mbali hakuna maana. Lazima uwepo, uone nani anapita wapi na nani anakasirika lini.

Mikumi ni dunia nyingine. Barabara ya kwenda Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa takriban kilomita 50, na malori yakitoka hifadhini yanaingia mjini usiku na mchana. Wageni wa kaka ni madereva, wasafiri waliochelewa, na wanaokuja kutazama wanyama. Wote wanataka vitu viwili: maji ya moto na usalama wa kulala. Hita za maji ndizo zilizokuwa zinamla kaka fedha, zikiwaka kutwa kwenye vyumba visivyo na mtu. Sasa chumba kikiandikishwa pale mapokezi, hita yake inaruhusiwa kuwaka. Mgeni akikabidhi ufunguo, inazimwa. Hakuna sensa chumbani, hakuna kamera, kuna kitufe kimoja kwenye kaunta. Swichi ya hita iliyoko chumbani inabaki na mgeni.

Kaka alitaka kamera kwenye korido. Tulibishana sana. Nilimwonyesha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hoja yangu haikuanzia kwenye sheria. Mtu anayelipia kitanda amelipia pia kutotazamwa anapotoka kuoga. Kamera ikabaki moja, getini, ikitazama maegesho ya magari, na tangazo lake limebandikwa mahali ambapo mgeni analiona kabla hajaingia. Picha hazitoki kwenye jengo.

"Dada, na tembo je?" Ndilo lililokuwa swali lake jingine, na ni swali la maana. Usiku tembo hutoka hifadhini, na mtu anayekwenda chooni au kuchukua mzigo kwenye gari anaweza kukutana naye gizani. Niliweka taa za nje zinazojiwasha, lakini sikuahidi kwamba zingewafukuza. Kazi yao ni kumwezesha mtu kuona kabla hajatoka. Sensa za mwendo za kawaida hutambua tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, na usiku wa joto wa Mikumi tofauti hiyo hupungua, zinakuwa nusu kipofu. Wakati huo huo komba mmoja akiruka kutoka tawi hadi tawi karibu na sensa anaiwasha taa vizuri kabisa. Nilizishusha sensa, nikazielekeza chini, nikaziba sehemu ya kioo chao kwa utepe ili zisitazame miti, na taa isiwake mpaka sensa mbili za upande mmoja zikubaliane ndani ya sekunde chache. Mnyama mkubwa anapita mbele ya zote mbili, komba hapiti. Nyaya zilizokuwa wazi nyani walizing'oa, zikaingizwa kwenye bomba. Sisimizi waliingia kwenye visanduku vya nje na kujazana kwenye rilei hadi zikashindwa kugusana. Tundu zote zikazibwa kwa silikoni. Kijana aliyesoma VETA pale pale Mikumi ndiye anayevitunza sasa, na ni yeye aliyependekeza taa ya ndani, karibu na kila mlango, inayowaka kwa rangi nyekundu kama upande wa nje umeona kitu. Mgeni anaiona kabla hajashika kitasa.

Kilosa, jirani yetu mmoja ana mtoto mwenye kisukari. Alipoiona friji ya mama aliomba apatiwe ile ya dawa tu, haya mengine hayahitaji. Nimemtengenezea kisanduku kisicho na Wi-Fi wala laini ya simu: sensa kwenye chupa ya gliserini, betri inayojichaji, taa tatu na kipaza sauti kidogo. Kijani ni salama, nyekundu ni joto, bluu ni baridi iliyopitiliza. Chini yake nimebandika karatasi yenye sentensi ambazo mama alinisaidia kuzitunga, moja kwa kila taa, na kila moja inaanza na kitenzi. Friji yao ni ndogo kuliko ya mama na hupoa haraka, taa ya bluu imekuwa ikichelewa kidogo kuwaka. Jumamosi ninakwenda kupunguza kiasi cha gliserini na kuipandisha bluu kutoka nyuzi 2 hadi 3, kisha nitaiachia usiku kucha tuone.